Taa za Trekta na Mlinzi Wake: Historia Fupi

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, wanachama watasoma katika kijitabu hiki habari za mavuno, maghala na malipo. Sisi tumeona yafaa kuongeza historia ya kitu kidogo ambacho bei yake yakaribia ile ya kikombe cha chai. Kitu hicho ni fyuzi. Mvua za kwanza zinyeshapo, kila mwanachama hutaka shamba lake lilimwe mapema, na mvua haimngoji mtu. Ndipo trekta hulazimika kufanya kazi usiku, ndipo taa huongezwa, na ndipo mali ya wanachama wote huweza kuteketea kwa sababu ya waya mmoja.

Matrekta ya kwanza hayakuwa na shida hiyo. Mwaka 1892 John Froelich, wa jimbo la Iowa huko Marekani, aliunda trekta la petroli lililoweza kwenda mbele na nyuma. Fordson, lililoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917, liliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Cheche zake zilitoka katika magneto, wala halikuhitaji betri. Aliyetaka kulima usiku ilimbidi kutegemea taa ya mafuta au ya gesi ya kabidi. Moto wa taa hizo ulikuwa wazi, na kila mtu aliuona na kujihadhari nao.

Mambo yalibadilika umeme ulipoingia. Trekta la 9N, walilolitoa Henry Ford na Harry Ferguson mwaka 1939, lilikuwa na dainamo, stata na betri ya volti 6. Baada ya vita likaja Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956, idadi yake ikapita nusu milioni. Tangu hapo hatari ya moto haikuonekana tena kwa macho, kwani ilijificha ndani ya waya.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuijua hatari hiyo. Mwaka 1841 James Joule alieleza kwamba umeme upitao katika waya ukiongezeka mara mbili, joto lake huongezeka mara nne. Mwaka 1890 Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi katika mpango wake wa kugawa umeme. Maana yake ni nyepesi: katika njia ya umeme huwekwa kipande dhaifu kwa makusudi, ili kiyeyuke kabla waya haujaungua. Kwa miaka mingi fyuzi za magari zilikuwa za kigae cha kioo. Mwaka 1976 zikatokea zile bapa za rangi, ambazo hata leo nyekundu ni ya ampea 10, buluu 15 na manjano 20.

Katika Tanganyika, matrekta mengi yalifika kwa Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuachwa mwaka 1951. Mengi yalikuwa yamekwisha kutumika, yakanunuliwa katika mabaki ya vita huko Ufilipino na Misri, nayo yaliharibika upesi. Fundisho lake halijachakaa: mashine isiyotunzwa ni deni.

Dainamo nyingi za matrekta ya miaka ya 1950 zilitoa kadiri ya ampea 20 au chini yake. Mwaka 1962 taa za halojeni zilianza kutumika katika magari ya Ulaya, na baadaye zikaenea mashambani. Tufanye hesabu. Taa nne za wati 55 ni wati 220. Tukigawa kwa volti 12 twapata ampea 18 na zaidi. Mzigo huo peke yake ungaliweza kuimaliza dainamo ya zamani. Waya za kiwandani nazo zilipimwa kwa taa za kiwandani, si kwa hizo nne.

Hapo ndipo kosa hutokea. Fundi huchomoa umeme katika waya wa taa ya mbele. Fyuzi ikikatika, huweka kipande cha waya au karatasi ya sigara. Trekta hutikisika mchana kutwa, waya husuguana na chuma, ngozi yake huchubuka, na betri humwaga mamia ya ampea mahali penye mafuta na makapi makavu. Hapana budi tukumbuke kwamba fyuzi hailindi taa, yalinda waya.

Kwa hiyo kazi iliyo njema ni hii. Kwanza, ondoa waya wa betri ulioungwa na chuma cha trekta. Katika matrekta mengi ya zamani ya Uingereza huo ni wa chanya, si wa hasi. Pili, taa ziwe na njia yake toka betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Tatu, taa nne zigawanywe mbili mbili: kila njia itabeba ampea 9 na kidogo, fyuzi yake iwe ya ampea 15, na waya usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 2.5. Nne, mzigo upite katika rilei, si katika swichi. Tano, waya ufungwe imara, uvikwe mpira, uwe mbali na ekzosi.

Taa za LED zimeupunguza mzigo. LED ya buluu, iliyowezesha mwanga mweupe, iliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Nne za wati 27 hutumia ampea 9 tu. Lakini waya uliochubuka hauulizi taa ni ya aina gani. Fyuzi yahitajika vile vile.

Twawaomba viongozi wa vyama vya msingi waandike katika daftari la kila trekta taa zilizoongezwa na kipimo cha fyuzi zake, na dereva apewe za akiba. Twawatakia wanachama wote miaka kumi mingine ya heri, na usiku wa kulima usio na moto.