Mkate wa Kuzaliwa: Habari za Krismasi katika Bonde Miaka ya Shida

Neno andazi latokana na kuandaa, na hapo zamani halikuwa jina la kitu kimoja tu kama lilivyo leo katika vibanda vya chai. Lilikuwa chakula cho chote kilichoandaliwa kwa ustadi, na mwandazi ndiye fundi wake. Keki ni neno geni lililokuja na Waingereza. Nyumbani kwetu bibi mzaa baba hakulitumia kamwe. Kila kitu kilichopaliwa moto juu na chini yeye alikiita mkate, na ule wa sikukuu aliuita mkate wa Kuzaliwa.

Sisi tulizaliwa katika nchi ya Bonde, karibu na Muheza, ambako wamisionari wa UMCA walianza kazi Magila mwaka 1868. Sikukuu wazee wetu waliipokea kwao, lakini mtu asidhani ya kuwa na chakula chake kilitoka Uingereza. Pilau ilikuja pwani kwa njia ya bahari pamoja na watu wa mashariki, ikawa chakula cha harusi na Idi kabla haijawa chakula cha Krismasi. Vitumbua vya unga wa mchele ni vya watu wa pwani wenyewe. Hata kuku wa Krismasi alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, aliyeitwa alfajiri kwa kazi hiyo, ili ye yote atakayeingia mlangoni aweze kula bila shaka moyoni. Baada ya ibada sisi watoto tulipeleka sahani nyumba kwa nyumba, kila sahani imefunikwa kawa, nazo hazikurudi tupu siku ya Idi. Basi kitu kimoja tu mezani kilikuwa cha kizungu, yaani mkate ule, na huo nao ulikuwa umekwisha geuzwa sana.

Tueleze namna ya kuuoka, maana vijana wengi wenye majiko ya umeme hawaijui. Tanuri halikuwako. Bibi alichukua sufuria kubwa, akatandaza mchanga mkavu chini, akaweka juu yake sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, akafunika kwa bati, kisha akapalia makaa juu ya bati lile. Moto wa chini sharti uwe mdogo kuliko wa juu. Ukizidi, mkate huungua kitako na katikati hubaki mbichi. Siagi haikupatikana, tukatumia mafuta ya nazi. Badala ya maziwa, tui. Na iliki ilipondwa katika kinu kidogo. Hamira ikikosekana (nayo ilikosekana mara nyingi) tulitumwa kwa mgema kuomba tembo kidogo la kuumulia unga. Tukumbuke kwamba baba yetu alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa! Chupa ile tuliibeba ndani ya kikapu, imefunikwa majani ya muhogo, nasi tulipita njia ya nyuma.

Sasa tuje kwenye miaka yenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ya Tanzania ilipungukiwa sana na fedha za kigeni, na viwanda vikakosa vipuri. Sukari, sabuni, mafuta na unga wa ngano vilipatikana kwa mgao. Ngano ya nchi ililimwa Hanang katika mashamba makubwa ya serikali yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada, juu ya malisho ya Wabarabaig, ambao walinung'unika na kwenda mahakamani; habari hiyo hatukuijua utotoni, tungeijua labda tungeutafuna mkate ule polepole zaidi. Lakini unga haukutosha, kwa hiyo bibi alichanganya wa ngano na wa mchele. Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Mwaka uliotangulia, yaani 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wengi waliufurahia msako huo, kwa kuwa walanguzi walikuwa wamewaumiza. Lakini hofu iliingia hata kwa wasio na hatia, na watu wakatupa mali zao usiku. Nasi tulikuwa na miaka kumi. Mama yetu tangu Krismasi iliyopita alikuwa akitenga kikombe kimoja cha sukari katika kila mgao, akikimimina katika debe chini ya kitanda, kwa ajili ya mkate na chai ya sikukuu. Hata katikati ya mwaka ikafika kilo tano hivi. Siku moja akafunua debe, akaliona tupu.

Sisi ndio tulioshitakiwa kwanza, maana tulijulikana kwa ulambaji. Tulikana, wala hatukusadikiwa. Baba alituchapa, si kwa sukari, alisema, bali kwa uongo. Bibi alikuwa ameketi barazani akisuka ukili, hakuinua macho.

Maulidi ya mwaka ule iliangukia juma moja kabla ya Krismasi, na jirani yetu akatuletea tende. Mama akazitunza ziwe badala ya zabibu. Sukari haikuwako. Mkesha wa Krismasi bibi akaagiza miwa, akaitwanga mwenyewe kinuni, akaikamua katika kitambaa, akachemsha maji yake tangu adhuhuri mpaka yakawa mazito kama asali. Mama alipokuwa akipalia makaa, bibi akasema, “Mkwe wangu, ile sukari niliimwaga mimi chooni. Nilisikia mgambo watapekua nyumba. Mwanangu akifungwa kwa kilo tano, nani atafundisha?” Mama akabaki na koleo mkononi, makaa yakapoa juu ya bati, ndiyo sababu mkate wa mwaka ule ulitoka bapa, mweusi ubavuni, nao ulinata menoni.

Desturi ya kwetu kipande cha kwanza kilikuwa cha baba. Siku ya pili, baada ya ibada, bibi alikata kipande chenye tende nyingi, akampita baba, akampita na mgeni wetu katekista, akakitia mkononi mwetu. “Chukua, mjukuu wangu,” akasema mbele ya wote. “Hukulamba kitu.” Baba akatazama chini. Kisha akanyosha sahani yake, akangoja zamu.