Adamson, Joy (1910–1980)

Joy Adamson, aliyezaliwa Friederike Victoria Gessner katika mji wa Troppau, wakati huo chini ya himaya ya Austria na leo Opava nchini Ucheki, alikuwa mchoraji mhamiaji aliyefika Kenya mwaka 1937. Jina la Joy alipewa na mume wake wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori. Alianza kwa kuchora mimea, kazi iliyomletea nishani ya Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa Kenya wakiwa na mavazi na mapambo ya jadi, kwa hofu kwamba mapambo hayo yalikuwa yakitoweka, na katika miaka iliyofuata alitoa mamia ya picha, zikiwamo za Waembu, Wameru na Watharaka. Hizi ni picha za sura, yaani michoro inayomlenga mtu mmoja na haiba yake, ingawa kwake mtu huyo aliwakilisha pia kabila zima. Tofauti na taswira ya nafsi, ambamo mchoraji hujichora mwenyewe na kuamua aonekane vipi, hapa uamuzi ulikuwa wa mgeni na wa serikali iliyomlipa. Ndiyo maana humo haonekani mkulima wa kahawa, ilhali Wameru na Waembu walikuwa wakiilima tangu miaka ya 1930; wala haionekani Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, ambayo iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru chini ya vikwazo vya pamoja. Hata jando na unyago, sehemu ya jadi hiyo, vilikuwa na mgogoro wake: mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipiga marufuku ukeketaji, na wasichana wengi wakakaidi.

Kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilitoka mwaka 1967, lakini umaarufu wake ulitokana zaidi na Elsa, simba jike aliyelelewa naye na kuzikwa Meru mwaka 1961. Adamson aliuawa katika Hifadhi ya Shaba, Kenya, tarehe 3 Januari 1980. Picha zake nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, nazo ni ushahidi mzuri wa mapambo, ila ushahidi hafifu wa maisha ya waliochorwa.