Ufundishaji wa umahiri katika sekondari za Nkombo

Ufundishaji wa umahiri ni njia ya kufundisha inayompima mwanafunzi kwa kile anachoweza kukifanya, si kwa alichokariri. Rwanda iliuzindua mtaala wake wa umahiri mwaka 2015 na kuanza kuutumia 2016, ukiwemo katika sekondari ya chini (kidato cha 1 hadi cha 3).

Nkombo ni kisiwa cha Ziwa Kivu katika wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu). Hapa ziwa lenyewe ni maabara. Usiku wavuvi hutega sambaza, aina ya samaki wadogo, kwa taa, na asubuhi samaki huanikwa juani. Mwalimu akiwapa wanafunzi mizani, wapime kilo moja mbichi kisha waipime tena ikikauka, somo la asilimia limepatikana, na la uvukizaji pia. Hata asili ya samaki huyo ni somo la baiolojia: aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Mtoto wa Nkombo nyumbani huzungumza lahaja iliyo karibu na Kimashi cha Kivu ya Kusini nchini Kongo, huongeza Kinyarwanda, kisha darasani hukutana na Kiingereza, lugha ya kufundishia. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ndicho cha sokoni Bukavu, ng'ambo ya maji. Kazi ya vikundi, iliyo sehemu ya ufundishaji wa umahiri, humsaidia hasa mtoto huyu, kwani hulijadili swali kwanza na wenzake kwa lugha anayoimudu. Mwalimu asimnyamazishe.