Samurai wa Ukweli na Samurai wa Gemu: Mambo 5 Yenye Anime Haikukuambia

Kama umewahi kukesha ukicheza Ghost of Tsushima, ama ukamaliza Rurouni Kenshin wikendi moja, samurai unamjua hivi: msee mmoja, upanga mmoja, heshima mpaka kifo. Picha ni noma, lakini ni nusu ya stori. Samurai wa ukweli alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa na mdosi, alikuwa na malipo, na malipo yakikatwa, alisota kama mtu yeyote.

1. Upinde kwanza, upanga baadaye
Jina samurai linatokana na neno la Kijapani la kutumikia. Hawa wasee walianza kama wapiga mishale juu ya farasi, na maisha yao yaliitwa "njia ya upinde na farasi". Baadaye mikuki ikashika, na Wareno walipofika na bunduki mwaka 1543, samurai hawakuzikataa. Walizitengeneza kwa wingi.

2. Tsushima ilianguka
Jin Sakai ni wa kubuniwa. Wamongolia walipovamia kisiwa hicho mwaka 1274, mkubwa wa huko alikuwa So Sukekuni, na inasemekana alitoka na wapanda farasi 80 hivi. Alikufa vitani. Na ile soo yote ya Lord Shimura kumwambia Jin kuvamia usiku ni aibu? Wamongolia waliporudi mwaka 1281, samurai walipiga makasia usiku kwa mashua ndogo, wakapanda meli za adui na kuwachinjia humo humo.

3. Walidai doo zao
Takezaki Suenaga alipigana mwaka 1274 na hakulipwa. Mwaka uliofuata akafunga safari mpaka Kamakura, kwa serikali, kudai haki yake. Akapewa farasi na cheo cha kusimamia ardhi. Baadaye akachoresha vita vyake kwenye karatasi ndefu ya picha, na hiyo kazi iko mpaka leo. Enzi ya Tokugawa, kuanzia 1603, wengi walilipwa kwa mchele. Kipimo kiliitwa koku, mchele wa kutosha kulisha mtu mmoja mwaka mzima. Vita viliisha, wengi wakageuka makarani. Hiyo gemu haiuzi.

4. Karao na panga
Kenshin anakimbizwa na karao juu ya upanga wake, na hapo anime haidanganyi. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kutembea na panga, na mwaka huo huo ikamaliza mishahara ya samurai, ikawapa hati za deni badala yake. Wengine wakakataa. Mwaka 1877 Saigo Takamori aliongoza uasi wa Satsuma, jeshi la vijana walioandikishwa kutoka kwa raia wa kawaida likawashinda.

5. Yasuke alikuwepo
Assassin's Creed Shadows ya 2025 ilipomweka Mwafrika kama samurai, mtandao uliwaka. Lakini Yasuke si wa kubuniwa. Aliingia Japani mwaka 1579 akiwa na padri Mwitaliano, Alessandro Valignano. Mtawa mmoja Mfaransa aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Oda Nobunaga alipomwona mwaka 1581 alidhani ni wino, akaamuru aoshwe. Rangi ikakaa. Nobunaga akambamba sana, akampa nyumba, malipo na upanga mfupi. Mwaka 1582 Akechi Mitsuhide alimgeuka Nobunaga, na Yasuke akaenda kupigana upande wa mtoto wa mdosi, Nobutada, mpaka akasalimisha upanga. Anime ya Netflix ya 2021 ilimwongezea maroboti na uchawi.

Kwa hivyo wakikuambia mtaani Yasuke hakuwa samurai kwa sababu hakuzaliwa kwa familia ya samurai, waulize swali moja tu: nani alikuwa anamlipa, na aliposhambuliwa, nani alibaki?