Herufi Zilizovunjika

Hapa Mpale, kama kwingineko Korogwe na Handeni, utawala wa Mdachi hukumbukwa kwa reli na mkonge. Herufi zake hazitajwi. Gutenberg alipochapa Biblia mjini Mainz katika miaka ya 1450, aliunda herufi za madini kwa kuufuata mwandiko wa watawa: kalamu pana, misimamo minene, mapindo yaliyovunjika badala ya kuviringwa. Wajerumani waliuenzi mwandiko huo mpaka serikali yao wenyewe ilipoupiga marufuku mwaka 1941. Hata hivyo gazeti la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lilichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, zilizo nyepesi machoni. Nionavyo, huko hakukuwa kutuhurumia. Desturi yao ilikuwa kutoyavika maneno ya kigeni herufi za Kijerumani. Basi Kiswahili kikawa mgeni kwao! Aliyepata hasara ni mwalimu wa pwani, aliyekiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambaye elimu yake ilishuka thamani ofisini. Wachoraji wa herufi wa leo wanaoitamani sura ile ya kale huanza kwa kushika kalamu pana. Kalamu ya mwalimu yule, ya tete lililokatwa mshazari, nayo ilitoa mstari mnene na mwembamba.