Nasaba ya David Livingstone na Kukaa Kwake Kabambare

Mtafiti wa historia ya Maniema ya kusini kabla ya ukoloni hana budi kurejea shajara za David Livingstone, aliyefika Kabambare (yeye aliandika Bambarre) mnamo Septemba 1869, akapafanya kituo chake hadi Februari 1871. Shajara hizo zimesomwa sana kwa ajili ya habari za misafara ya pembe na ya watumwa, lakini mwandishi mwenyewe hahojiwi vya kutosha. Huchukuliwa kuwa sauti ya Uprotestanti wa Kizungu uliokwisha kukamilika, kana kwamba alizaliwa na Biblia mkononi. Ukoo wake wasema mengine.

Wazee wake walitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi mwa Uskoti. Baba wa babu yake aliuawa vitani Culloden mwaka 1746, akiwapigania wafalme wa nasaba ya Stuart. Livingstone mwenyewe asimulia kwamba wahenga wake walikuwa Wakatoliki, wakageuzwa kuwa Waprotestanti na kabaila mwenye ardhi, aliyepita kwao akifuatana na mtu mwenye fimbo ya manjano. Fimbo ilikumbukwa kuliko mafundisho, hata dini hiyo mpya ikabaki kuitwa dini ya fimbo ya manjano. Alilieleza jambo hili kwa mzaha. Sisi tusilipite upesi: mhubiri huyu alikuwa mjukuu wa watu waliopokea imani yao kwa amri ya mwenye nguvu.

Shamba la Ulva halikutosha kuwalisha, na babu yake akahamia Blantyre, kwenye kiwanda cha pamba. Hapo ndipo David alipozaliwa tarehe 19 Machi 1813, katika familia iliyoishi chumba kimoja. Mama yake, Agnes Hunter, alikuwa binti wa fundi cherehani; baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye baadaye aliliacha kanisa la taifa akajiunga na kanisa huru la Hamilton. Alipotimiza miaka 10 mtoto alianza kuunganisha nyuzi zilizokatika mashineni, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Pamba ile ilitoka ng'ambo ya Atlantiki, ikilimwa na watumwa. Na viboko vya mwisho alivyochapwa na baba yake vilikuwa kwa kukataa kusoma kitabu cha dini cha Wilberforce, yule yule aliyeongoza bungeni vita dhidi ya biashara ya watumwa!

Mtu wa malezi hayo ndiye aliyelala Kabambare mwaka 1870, miguu imejaa vidonda, asiweze kutoka nje kwa muda wa siku 80 hivi. Alitunzwa na Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa misafara, Mwislamu, aliyeshiriki biashara ile ile ambayo mgeni wake aliilaani kila alipoandika. Katika Maniema aliisoma Biblia nzima mara 4. Ni dhahiri kwamba hukumu zake juu ya wafanyabiashara na wenyeji zilipitia mizani ya Neil: uaminifu, kiasi, bidii. Wenyeji nao walikuwa na mizani yao, ambayo kwayo mgeni hupimwa kwanza kwa ukoo. Tippu Tip alilijua hilo vizuri. Katika zama hizo hizo alijipatia uchifu Utetera kwa kudai kuwa damu ya mwanamke wa ukoo wa Kasongo Rushie aliyetekwa zamani. Livingstone hakuwa na nasaba ya kutaja Maniema, wala bidhaa za kutosha. Alibaki mgeni wa wageni.

Utegemezi huo haukuisha alipoondoka Kabambare. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliwaona watu wa msafara wa Dugumbe wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni. Na siku chache baadaye, alipotaka kurudi Ujiji, ilimbidi kupokea vifaa vya safari kutoka kwa Dugumbe huyo huyo.