Namba fupi inameza ndefu: toka Kansas City mpaka Uvira

Leo tuongee historia ya kitu tunagusa kila siku bila kukiwaza. Unaandika 00257, unaongeza namba ya ndugu yako wa Bujumbura, na simu inalia kule. Nani anaamua ipite njia gani?

Zamani alikuwa mutu. Unainua simu, binti wa sentrali anakuuliza unataka nani, anachomeka kamba kwenye tundu ya yule unayemutafuta. Almon Strowger, mutu wa Kansas City huko Marekani, kazi yake ilikuwa kupanga mazishi, na ile namna haikumufurahisha hata kidogo. Wanasimulia kama bibi ya mushindani wake njo alikuwa kwenye sentrali, na wafiwa waliomuomba Strowger walipelekwa kwa bwana yake. Hadithi iwe kweli ao hapana, patenti iko: aliiomba 1889, akaipata 1891. Mwezi wa 11 mwaka 1892, sentrali ya kwanza ya namna yake ikafunguliwa La Porte, jimbo la Indiana. Hakuna tena binti wa kukuuliza unataka nani.

Tuangalie mashine yenyewe, kwa namna ilivyokamilika miaka iliyofuata. Mukono wa chuma unapanda ngazi kufuata tarakimu ya kwanza, kisha unazunguka kufuata ya pili. Ngazi 10, nafasi 10, basi laini 100. Ukitaka laini mingi zaidi, unafunga mashine moja nyuma ya ingine. Lakini ile mashine haioni namba yote. Inasikia tarakimu moja na kutembea palepale, haingojei. Njo maana kama 56 ni simu ya mutu, hakuna anayeweza kupewa 567: ukifika kwa 6, simu ya 56 imeshaanza kulia. Namba fupi imemeza ndefu.

Ile sheria ilibakia hata kisha mikono ya chuma kutupwa. Miaka ya 1960, UIT, muungano wa kimataifa wa mawasiliano, ulipogawanya dunia kwa indikatifu, Afrika karibu yote ilipewa 2. Misri ikakamata 20, Afrika Kusini 27. Kwa hiyo hakuna inchi inaweza kuwa na 201 ao 275, zote zimeshamezwa. Wengine tulipewa tarakimu tatu: Kongo yetu 243, Brazzaville 242, Rwanda 250, Uganda 256, Burundi 257. Wanaolalamika juu ya nini Misri iko na namba fupi kuliko sisi, wajue kama ile ufupi ilikula nafasi 10 nzima.

Sasa lango la sauti, ile mashine ya ofisi inayounganisha simu za ndani na za inje. Ndani yake kuko mistari tu. Kila mustari unasema: namba inayofanana na hii, ipitishe fasi hii. Doti moja ni tarakimu yoyote. Namba ikiingia yote kwa mara moja, mustari unaofanana nayo kwa tarakimu mingi zaidi njo unashinda. Lakini mutu akibonyeza moja moja kwenye simu ya meza, wa kwanza kutimia njo unakamata, sawa vile kwa Strowger.

Nililijua lile wakati wa staji yangu, katika ofisi moja ya Uvira. Mutu mumoja alikuwa ameipa simu ya sentineli namba 00, juu iko rahisi kukumbuka. Mustari wa kutoka inje ya inchi ulikuwa 00 na doti 12. Toka siku ile, kila aliyeita Kigali ao Kampala alijibiwa na muzee wa mulango: « Allô, ni nani? » Muzee yule, bila kuomba, amekuwa binti wa sentrali wa Kansas City. Siku tatu tulitafuta kosa kwenye kamba, kwenye kuranti, kwa kampuni ya simu. Lilikuwa kwenye mustari mumoja wa tarakimu mbili.

Tulimupa sentineli 190. Kigali ikapita. Bujumbura, ambayo taa zake tunaziona usiku ng'ambo ya ziwa, ikakataa. Rwanda na Uganda, indikatifu pamoja na namba, ni tarakimu 12. Burundi ni 11. Lango lilikuwa linangojea tarakimu ya 12 ambayo haitakuja kamwe. Tukatosha zile doti, tukaweka herufi T, maana yake: pokea tarakimu zozote, na kama sekunde 10 zinapita bila ingine, piga. Wenye haraka tuliwafundisha kubonyeza # mwishoni. Wengine walisikia ule ukimya wa sekunde 10, wakafikiri laini imekufa, wakakata na kuanza upya.